Chupa Zilizooshwa kwa Majivu

Kwa miaka sita kazi ya Emiliana ilikuwa kukinga mvua. Majirani zake wa Kizota hawakuacha kumtania.

"Mama Priska, hivi serikali inakulipa kwa kulinda ndoo?"

"Afadhali ndoo," alizoea kujibu. "Haitoroki."

Kila mvua iliponyesha alipanda kilimani, kwenye msitu mdogo uliopandwa na mradi wa serikali uliomwajiri. Alikusanya maji yaliyochuruzika matawini na yale ya korongoni, akayatia chupani, akachovya karatasi ya kupimia uchachu, akaandika daftarini. Saba. Saba tena. Saba na kitu. Kwa namba hizo maji hayakuwa na uchachu wowote; uchachu ungezidi, namba ingeshuka.

Lakini miti ilikuwa inakufa. Majani yalikuwa ya njano kabla ya kiangazi, na mizizi midogo ilikatika kama uzi mbovu. Biashara ilipoachiwa huru, mtu alifungua karakana ya kuyeyusha betri chakavu chini ya kilima, na moshi wake ulikaba koo. Chuoni Emiliana alifundishwa kwamba moshi wa namna hiyo huitia mvua tindikali. Tindikali huikokota chokaa na magnesi, chakula cha miti, hadi korongoni, na huifungua alumini iliyolala udongoni, ikaunguza mizizi. Yote aliyaona kwa macho. Namba tu ndizo zilizokataa.

Mwaka 1994 ikaja orodha ya kupunguza wafanyakazi. Bwana Nikolaus, mkuu wa mradi, akamwita.

"Daftari lako ndilo pekee lililokamilika. Nikilipeleka wizarani lilivyo, unabaki. Wenzako wote wanaondoka."

Siku hiyo Emiliana alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Mama mkwe wake, Germana, alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya beseni la chupa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umewahi?"

Emiliana aliinama karibu na beseni. Alikuwa anautazama mkono wa mama, mweupe hadi kwenye kiwiko. Miaka yote alirudi amechoka, akaziacha chupa kwenye beseni, asubuhi akazikuta safi, akashukuru. Hakuwahi kuuliza.

"Mama, unazisugua kwa majivu?"

"Ulitaka nizisugue kwa marashi? Tazama zinavyong'aa!"

Majivu huua uchachu, kama magadi. Emiliana alichovya karatasi kwenye bakuli la plastiki lililokinga mvua ya jana uani. Nne. Akamimina maji yale yale katika chupa iliyosuguliwa, akatikisa, akapima tena. Saba.

Akalifungua daftari, ukurasa wa kwanza.

Kesho yake aliliweka daftari mezani kwa Bwana Nikolaus. Katika kila ukurasa alikuwa ameandika: *Chupa zilioshwa kwa majivu. Namba hii si ya mvua.* Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ile nne.

"Unajua unachojifanyia?"

"Najua, bwana. Lakini miti inakufa, na daftari langu linasema ni mizima."

Barua yake ya kupunguzwa kazi ilitoka Ijumaa. Germana aliigeuza mikononi bila kuisoma.

"Kosa lako nini, mwanangu?"

"Hakuna kosa, mama. Mradi umeisha."

"Na chupa zako je? Nimeshaziosha."

Zilikuwa zimepangwa ukutani, zinameremeta juani.

"Asante, mama," Emiliana akasema, kama siku zote.