Zamu ya Kidani

Diki alikuwa na mdomo, usipime. Kila hujaji aliyesimama kwenye kibanda chake cha chai, akielekea pangoni juu, alimiminiwa chai ya siagi na chumvi pamoja na onyo: "Ule ufa wa pangoni hauna siri. Ukiwa na dhambi, mwamba unakubana hapohapo, watu wanaona." Kisha anacheka mpaka kifua kinatikisika. Lakini yeye mwenyewe, tangu mama yake afariki, hakuwahi kupita humo. Akiulizwa, husingizia magoti.

Magoti gani! Alikuwa anaogopa. Mama aliacha kidani kimoja cha marijani na mabinti wawili, akasema wakivae kwa zamu, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Diki akaanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwaka ukaisha, akasema njia ina theluji. Wa pili ukaisha, akasema uzi umelegea. Mdogo wake Yangji, aliyeolewa bonde la pili, akachoka kuuliza, akakata mguu. Hata habari za misiba wakawa wanapata kwa wapita njia.

Kilichomtoa Diki ni mjukuu. Mtoto aliugua kifua wakati wa baridi, bibi akaweka nadhiri kwamba akipona, atapita kwenye ufa. Mtoto akapona, na ahadi ni deni. Siku ya mwezi mpevu Diki akapanda mlima, kidani amekificha ndani ya nguo, maana hakuthubutu kukiacha nyumbani. Akauzunguka mnara mweupe wa ibada, mkono wa kulia ukiuelekea, akapanga foleni. Kugeuka, nyuma yake kasimama Yangji, amekonda, mvi zimemjaa.

Diki hakusalimia. Aibu ilimshika, akajitosa ufani ubavuubavu.

Katikati mwamba ukambana. Mbele haendi, nyuma harudi. Huko nje watu wakaanza kuguna.

"Toa pumzi," Yangji, aliyemfuata ndani, akasema karibu kabisa na sikio lake.

"Nimetoa."

"Basi ungepunguza siagi."

Siku nyingine Diki angemjibu. Siku hiyo alikumbuka kidani. Za mwizi arobaini, akawaza, na zangu zimetimia mbele ya mwenye mali.

"Si siagi," akasema. "Ni kidani. Kimenasa kwenye jiwe, na mkono wangu haufiki."

Yangji akajibana ukutani apate nafasi ya mkono.

"Kifungue, mdogo wangu. Fundo liko kisogoni. Zamu yako ilifika zamani, na mimi nilijua."

Vidole vya baridi vikamgusa shingoni. Vikahangaika na fundo, vikatulia, vikahangaika tena. Uzi ukalegea, Yangji akakivuta kidani taratibu, na Diki akapata nafasi ya kupita.

Alitokea upande wa pili akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Yangji akafuata, marijani mkononi, akamnyooshea.

"Chukua. Usije ukasema nimekuibia gizani."

"Geuka," Diki akasema. Akamvisha mwenyewe, akafunga fundo mara mbili.

Yangji akayashika marijani. Yalikuwa bado na joto la kifua cha dada yake. Akafuta macho kwa ncha ya mkono wa nguo.

"Mwakani zamu yako," akasema. "Lakini sikuletei, dada. Utakifuata kwangu, na huyo mjukuu uje naye nimwone."

"Nitakuja," Diki akasema. "Hata kukiwa na theluji."