Kitunguu Saumu Kisichogawanyika

Nilipokuwa mtoto nyumbani kwetu DeSoto, kusini mwa Dallas, hakuna aliyeniambia kwamba wazazi wangu walikuwa wanaelekea kuachana. Nilikuja kuijua habari hiyo kwa vitunguu saumu, na hadi leo naona ilikuwa njia mbaya ya kuijua.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, Mama nesi wa zamu ya usiku. Wakikutana jikoni walisemeshana kupitia kwangu: mwambie baba yako maziwa yamekwisha. Ndipo Baba akamleta mama yake kutoka Lushoto, akidai anakuja kunilea. Nilikuwa na miaka tisa, lakini sikuwa mjinga. Bibi aliletwa kuishika nyumba isianguke.

Na aliishika, kwa muda. Jumapili Baba akiwepo, Bibi aliwaita wote wawili sebuleni, akazima televisheni, akawakalisha mpaka waseme. Mimi nilitega sikio koridoni. Kuna Jumapili nilimsikia Mama akicheka, nikashinda na furaha hiyo wiki nzima.

Machi ilipofika Bibi akasema masika yamewadia, tupande. Kwao milimani kitunguu saumu hupandwa na mvua hizo, na katika ukoo wake kila mtu wa nyumba alipanda punje yake kwa mkono wake. Wakati wa kuvuna, punje iliyozaa kitunguu cha punje nyingi, mwenyewe ataishi kati ya watu wake. Iliyotoka duara moja lisilogawanyika, mwenyewe atabaki peke yake.

Mbegu alizichagua kwa ukali. Kwenye duka la Wameksiko alipekua sanduku zima huku muuzaji akimkodolea macho. Kitunguu cheupe kilichonyolewa mizizi hadi tako likawa laini alikirudisha. "Hiki kimeshauawa," alisema. Chenye ganda la zambarau na kijiti kigumu katikati alikinusa, akasema ni cha baridi kali, hakitatuvumilia. Akachukua vyenye shingo laini, ambavyo majani yake husukika kama nywele. Mpaka leo sijaona kosa katika uchaguzi wake. Kosa lilikuwa mwezi.

Tulipanda nyuma ya nyumba, kando ya uzio. Mama alipanda akiwa na sare zake za kazini, Baba simu ikiwa sikioni.

"Load ya El Paso iko ready, Mama. Nita-drive usiku," alimwambia Bibi.

"Panda kwanza. Barabara haitakimbia."

Juni, jua lilipokuwa limeshayababua majani, tukachimbua. Bibi alitoa ya Baba, akaipangusa udongo kwa pindo la khanga. Duara moja, dogo kama gololi. Ya Mama vilevile. Yangu, na yake pia. Alizimenya zote palepale, akitafuta mahali zilipogawanyika. Hakupaona.

"Bibi, we can just buy some," nilimwambia.

"Hivi havinunuliwi, mjukuu wangu."

Jumapili iliyofuata hakumwita mtu sebuleni. Wala nyingine iliyokuja. Kabla ya mwaka kwisha Baba alikuwa amehamia Houston, na Bibi amerudi Lushoto, ambako alifariki bila hata mmoja wetu kumzika. Mama bado yuko DeSoto, katika nyumba ileile, anakula amesimama. Mimi naishi Stafford, kando ya Houston, peke yangu. Ukinitaka niseme Bibi alitabiri uongo, sijui nianzie wapi.

Ila sababu naijua. Nilipoanza kulima bustani yangu nilijifunza kwamba kitunguu saumu hakigawanyiki vizuri mpaka kilale baridini majuma kadhaa. Huku Texas watu hupanda Oktoba ili majira ya baridi yaifanye kazi hiyo. Anayelazimika kupanda wakati wa machipuko, kama Machi, huchagua chenye shingo laini, tena huzihifadhi punje ndani ya friji kwanza. Mbegu za Bibi zilikaa kwenye kapu juu ya friji, mahali penye joto kuliko pote jikoni. Kwao, baridi ya usiku wa milimani ilimfanyia kazi bila yeye kujua.

Mwaka jana Baba alipita kwangu kunywa chai, jambo lisilotokea mara nyingi, nikamweleza yote hayo. Alisikiliza, kisha akaweka kikombe mezani.

"Jumapili ile baada ya kuvuna, nilikuwa nimekabidhi lori," alisema. "Niliamua kukaa nyumbani. Nikamwomba bibi yako atuite tuzungumze. Akaniambia, mwanangu usijichoshe, imeshaonekana."

"Na wewe ukaamini?"

"Alikuwa mama yangu."

Kisha akaniuliza kama kuna foleni barabarani saa zile.

Bibi alitupenda, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu pekee aliyeipigania nyumba yetu ndiye aliyeitangazia kifo, na kilichomdanganya ni joto la jikoni tu. Nilidhani kujua kungenipa nafuu. Hakujanipa. Mama sijamwambia, na sidhani kama nitamwambia. Miaka yote hii amejizoeza kuamini kwamba mumewe hakutaka kubaki. Nikimwambia kwamba alitaka, nitakuwa nimempa nini?