Mchoro wa Moyo Uliotafutiwa Mwenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nashukuru upya. Nilikuwa nafundisha sayansi katika shule ya sekondari kule Giteranyi, mkoani Muyinga. Tulikuwa tumerudi kwetu kutoka Tanzania, nilikokulia ukimbizini, na ualimu wangu ulikuwa bado mbichi. Tena ulikuwa umeanza kunichosha. Nilikuwa nimeshakubaliana na dada yangu kwamba muhula ukiisha naacha chaki, nauza naye vitenge. Niliona nafanya kazi isiyoonwa na mtu.

Nilikuwa shambani napalilia maharage simu ilipoita. Namba ngeni. Sauti ya mzee ikaniamkia kwa heshima, ikasema, "Madamu, samahani kwa kukusumbua. Mi niko mwalimu huku Gitega. Natafuta mwenye alichora picha ya moyo."

Nilishangaa. Kweli nilikuwa nimewachorea wanafunzi wangu moyo mkubwa, vali zake nikazifanya kama milango inayofunguka upande mmoja tu, kwa sababu mchoro wa kitabuni haukuwaingia. Mmoja wao akaupiga picha, akautuma WhatsApp. Tangu hapo ukaenda zake, bila jina langu.

Huyo aliyepiga simu alikuwa Mzee Sefu, mtu wa mtaa wa Nyamugari hukohuko Gitega, aliyefundisha wauguzi chuoni. Alikuwa anatayarisha somo la kuweka kwenye jukwaa la chuo mtandaoni, ili wanafunzi waliotawanyika hospitali za mbali walisome kwa simu. Mchoro wangu aliukuta katika kundi la walimu, akaona unaeleza vizuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Mkuu wake akamwambia kitu kilichoko internet ni cha watu wote, aweke tu. Mzee akakataa. Somo likachelewa, wanafunzi wakalalamika, mpaka mkuu akamwonya kwamba asipomaliza, kozi atapewa mwingine. Hata hivyo aliendelea kuuliza: aliyemtumia picha alitumiwa na nani, na huyo naye aliipata kwa nani? Hayo yote niliyasikia baadaye, kwa wenzake. Yeye siku ile hakunung'unika hata kidogo.

Nikamjibu, "Ni mimi, baba. Chukua tu, si kitu hicho."

Akasema taratibu, "Madamu, usiseme tena hivyo. Kama kazi yako we mwenyewe unaiita si kitu, kesho kazi ya mwenzako nayo utaiita si kitu, utaichukua bila kumwuliza."

Nilisimama na jembe langu, machozi yakinilengalenga. Sikuudhika, mwanangu. Alinikemea kama baba anayekuthamini. Akaniomba nimwandikie ujumbe mfupi: namruhusu nini, na nini simruhusu. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikaandika kwamba autumie kufundishia, aweke jina langu, asiuuze. Alinishukuru kana kwamba nimempa shamba.

Basi somo likatoka, na jina langu chini ya mchoro. Mzee hakunyang'anywa kozi. Wauguzi wa kule nisikokujua wakaanza kuniandikia kunishukuru, wengine wakiuliza maswali. Vitenge nikamwachia dada. Miaka ilipopita, chuo kikatafuta mtu wa kuandaa masomo yenye michoro, wakakumbuka lile jina. Ndivyo nilivyohamia Gitega. Nilipokwenda kwa Mzee kumshukuru, alicheka tu, akamwambia mkewe alete chai. "Mi niliuliza tu," akasema.

Nawe sasa unaanza kufundisha chuoni, na vifaa ulivyo navyo sisi hatukuviota. Vitumie bila woga. Kuna vitabu na video ambazo wenyewe wameziruhusu zitumike bure. Zitafute hizo kwanza, na usome masharti yao. Kitu kikiwa na mwenyewe na masharti huyajui, mwandikie umwombe. Asipojibu, wape wanafunzi anwani ya pale kilipo, wakisome hukohuko. Usiskani kitabu kizima cha mtu ukakimwaga kwenye kundi la darasa, hata kama wanafunzi ni maskini. Nenda ukaongee na maktaba, au andika maelezo yako mwenyewe. Na akili mnemba ikikusaidia, sema imekusaidia, kisha uhakikishe ilichokuambia. Wanafunzi wako watafanya unavyofanya, si unavyosema.

Utachelewa wakati mwingine, na watakuona mgumu. Vumilia. Huko unakouliza kuna mtu, huenda siku hiyo ndiyo anataka kuacha kazi yake.

Mungu akupe mikono inayofanya kazi na mdomo unaojua kuomba. Akuzungushie watu wakweli. Na chochote utakachokitengeneza, mwanangu, kifike mbali kikiwa na jina lako.