Mtamba wa Mzee Barisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kijiji cha Wema kwa mtumbwi, ukungu umelala juu ya mto hata nisione ng'ambo. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mpaka leo nikifumba macho nasikia kafi likichota maji, wala sijui kama nakumbuka au naota. Mchungaji Msimamizi, mkuu wetu wa pande zote za Garsen, alinikabidhi mtaa, yaani vijiji vinne vya ukingoni chini ya mchungaji mmoja. "Wajue watu wako kwa majina," aliniambia. "Mengine utajifunza." Nilikuwa na cheti cha chuo, kola mpya, na kiburi cha kuwatosha watu wawili.

Wiki ya tatu akaja Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma kutoka uwandani, akiongoza mtamba mwekundu aliyekonda.

"Wewe ndiyo mchungaji?"

"Ndimi, mzee wangu."

"Ng'ombe yako wapi?"

Nikamweleza kwamba nachunga watu. Akafikiri kidogo. "Watu, ng'ombe, yote nataka maji. Hii hawezi safari. Wewe weka mpaka mvua."

Kwao, mchungaji humwachia mwenzake mnyama aliyechoka, na kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Nikaona haya, nikaipokea kamba.

Waumini wangu walikuwa Wapokomo, wakulima wa mpunga na ndizi, na hawakucheka. Mtamba alipokula mahindi ya mjane mmoja, mzee wa kanisa alinijia. "Mchungaji, tuliomba mtu wa madhabahu. Ng'ombe na shamba havikai pamoja." Naye Msimamizi, alipokuja kuwapima wakatekumeni, wale wanaosubiri ubatizo, alinitania mbele yao: "Bwana, umetumwa kuchunga roho, hukutumwa kuchunga mikia."

Lakini nilimpenda yule mtamba. Asubuhi nilimpeleka kwenye majani ya ukingoni, nikajisemea mahubiri yangu polepole huku yeye akitafuna, na saa zikapita bila mimi kujua. Nikimharakisha, aliacha kula. Nikaanza kuwatembelea wagonjwa vivyo hivyo: naketi, sina haraka, mpaka mtu aseme mwenyewe.

Kabla ya mvua, mbung'o, wale nzi wa malale, walimpata. Alitetemeka siku tatu, akalala mlangoni mwa kanisa, akafa. Nililia, wala sioni haya kulisema.

Sasa nikaogopa. Wema na watu wa uwandani walinywa mto mmoja, na amana iliyopotea ingeweza kuharibu ujirani wa miaka. Msimamizi alinishauri nitume mjumbe. "Mjumbe hapigwi," alisema. Nilikaa na shauri hilo siku mbili, nalo lilinivutia sana. Siku ya tatu nilikwenda mwenyewe, mchana kutwa katika joto lililofanya miti ielee mbali mbele yangu, nikirudia maneno ambayo yote yaliniponyoka nilipofika.

Mzee Barisa alinipa maziwa. Nikamwambia mtamba amekufa.

"Ngapi imekufa mkononi yako?"

"Huyu ni wa kwanza, mzee."

"Na umekuja mwenyewe."

"Nimekuja."

Akaniongeza maziwa. "Basi sasa wewe mchungaji."

Baada ya hapo nilitumwa Ndera, kisha Kinakomba. Nilibatiza, nilifungisha ndoa, nilizika. Wengine walinipotea kwa uzembe wangu mwenyewe: binti niliyemtenga na ushirika kabla ya kumsikiliza, mwalimu aliyeacha kuja nami nisiulize kwa nini. Kwa kila mmoja ilinibidi nifunge safari, na haikupata kuwa nyepesi.

Siku hizi wachungaji vijana hunitembelea nyumbani. Hunieleza jinsi kazi ilivyo ngumu: waumini wanataka miujiza, vijana wanahama, kila kona kuna kanisa jipya. Nawaamini. Kisha nawauliza ni nani amewapotea, na kama wao wenyewe walifunga safari kumwendea. Wengi hurudia chai yao. Mmoja, juzi, aliacha chai yake ikifuka moshi, akavaa viatu, akaondoka.