Mama Stoo Apunguza

Kwa miaka kumi na moja Mama Stoo alitunza vifaa vya kuzamia vya watu wengine bila yeye mwenyewe kulowa kupita viwiko. Mitungi ya hewa aliijua kwa mikwaruzo yake, mmoja mmoja. Kisha meneja mpya akatoa agizo: anayeshika funguo za stoo lazima awe na cheti cha mzamiaji ifikapo Jumamosi. Asipokipata, atahamishiwa kufua taulo.

Kufua taulo si aibu. Ila tangu afiwe na mumewe, stoo ile yenye harufu ya mpira na chumvi ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyemuuliza anaendeleaje.

Mwalimu aliyepangiwa alikuwa mkwe wake, mume wa bintiye. Kwa wageni kijana huyo alikuwa mkali, anawafokea wapunguze pumzi, wanaelea kama maputo. Mbele ya mama mkwe alilainika kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji.

Mazoezi yalifanyika mahali ambapo wafanyakazi walipaita Darasani: ghuba ndogo iliyotulia, kina mita tano, chini mchanga mweupe, na pete za plastiki zimening'inizwa ili wanafunzi wapenye bila kuzigusa. Mtihani ni kuelea katikati ya maji dakika moja, hupandi wala hushuki. Mama Stoo alivuta pumzi, akaibana kifuani kama mtu aliyeficha barua, akapanda juu mzimamzima.

Mkwe alikuwa na kibao cha kuandikia majini. Akaanza kuandika: "Shikamoo mama, samahani sana, naomba kama hutajali..." Alipoinua macho aliona nyayo tu, nazo zinakwenda zake.

Waliporudi kwenye boti alikohoa, akaitazama nanga. "Mama, nilikuwa naona... ungepunguza kidogo."

"Nipunguze?"

"Kidogo tu, mama."

Mama Stoo alilitazama tumbo lake. Kuanzia siku hiyo akaacha wali, akaacha sukari, akawa anatafuna matango kwa uso wa mtu aliyeonewa. Alhamisi akazama tena, na akapanda upesi kuliko mwanzo. Mkwe, macho yakiwa kwenye nanga ileile, akamwomba apunguze tena.

Jioni hiyo alikwenda moja kwa moja kwa bintiye, akamweleza kwamba mumewe sasa anamhesabia matonge. Binti akaenda chumbani kumuuliza mume, akarudi ameshika mbavu kwa kicheko, hawezi kusimama.

"Pumzi, mama. Upunguze pumzi. Anaona aibu kukwambia utoe pumzi, anasema ni kama anakuamrisha ufe."

Jumamosi, kabla hawajaingia majini, Mama Stoo alimvuta mkwe wake kando. Meneja alikuwa ameketi ukingoni mwa boti na saa mkononi.

"Mwanangu, huko chini mimi si mkweo. Niamrishe kama unavyowaamrisha wengine."

Kijana akaitikia.

Lakini kujua si kuweza. Kufika chini tu, kifua kikajifunga chenyewe na Mama Stoo akaanza kupanda. Mkwe akapiga mapezi, akamwahi, akamwekea kibao mbele ya miwani. Herufi zilikuwa kubwa, hazina samahani wala mama: SHUSHA PUMZI WEWE.

Mama Stoo alishtuka. Tangu azaliwe hakuna mkwe wa mtu aliyemwita "wewe". Kwa mshtuko huo pumzi yote ikamtoka, ndefu, pamoja na ile aliyoibana tangu msibani, mapovu yakapaa kwa furushi. Akatulia. Akavuta kidogo, akatoa kidogo. Mchanga chini, mwanga juu, na yeye katikati, hadaiwi jibu na mtu. Dakika ikapita, mkwe ilimbidi amguse bega mara mbili.

Juu, meneja alitia tiki kwenye karatasi na kusema funguo zibaki zilipo. Mkwe alikuwa bado amening'inia kwenye ngazi ya boti, anaomba radhi.

"Nimekusamehe," alisema Mama Stoo akivua miwani. "Ila hilo 'wewe' halikuwa na ulazima. Nilishaanza kushuka kwenye 'pumzi'."

Haikuwa kweli, na wote wawili walijua.