Sifuri ya Wino Mwekundu

Nakumbuka vizuri ile asubuhi niliyoingia biro, yaani ofisi, ya mkuu wa shule ya wauguzi mjini Baraka, karatasi moja mkononi na nyingine nimeificha ndani ya kitenge. Mwanangu unayesita kurudi shule, kaa kidogo nikueleze.

Kabla ya vita nilikuwa nimesoma uuguzi miaka miwili. Siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo wa mwaka wa pili, risasi zililia upande wa milima, nami nikakimbilia kijijini kwetu Lweba. Shule ilifunga mwaka kwa haraka, na asiyefika aliandikiwa sifuri kwa wino mwekundu kwenye buletini yake ya alama. Baadaye tukavuka ziwa. Buletini zangu mbili nilizifunga kwenye nailoni, nikakaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka sita nikisaidia kuhudumia wagonjwa. Moshi wa kambi ile, usinicheke, wakati mwingine bado naukumbuka kwa mapenzi.

Nilirudi nikiwa mama wa watoto wawili. Ile sifuri ilinitia haya. Nikamwonyesha mkuu, tuliyemwita Prefe, buletini ya mwaka wa kwanza tu. Akaniandika mwaka wa pili.

Mama Nyota, muuguzi mzee wa Lweba aliyenifundisha kushika sindano, aliposikia alicheka kwanza, halafu akakasirika.

"Mwaka muzima unautupa sababu ya rangi ya wino? We Faida, vita iko hapo mulimani, haiyaenda mbali. Nani alikuambia shule itabaki wazi mupaka umalize?"

"Mama, ni sifuri ya kutandika kitanda cha mugonjwa."

"Na bale bagonjwa ulikuwa unageuza juu ya mikeka kule kambini, nani alikupa sifuri?"

Kesho yake nikarudi kwa Prefe na karatasi zote mbili. Akaziweka sambamba mezani.

"Kwa hiyo jana ulinidanganya."

"Ndiyo, Prefe. Niliona haya. Naomba munipe ule mutihani sasa."

"Ukipita, unaingia mwaka wa tatu. Ukianguka, utaanza na batoto ba mwaka wa kwanza. Hiyo ni malipo ya uongo wako."

Kitanda kikawekwa mbele ya darasa. Kazi yenyewe ni kubadilisha mashuka huku mgonjwa amelala humo humo, bila kumfunua wala kumwumiza. Wakamchagua Papa Asende, mlinzi wa shule, mtu mnene aliyekuwa ametoka zamu.

"Nikianguka chini," akasema akijilaza, "we ndiye utapikia batoto bangu."

Vijana wakacheka. Nikashika bega lake, na hapo mikono ikakumbuka mikeka ya kambini. Nikamgeuza ubavu, nikakunja shuka chafu hadi mgongoni kwake, nikatandaza safi, nikamvusha upande wa pili, nikazunguka, nikavuta. Nilipochomeka pembe ya mwisho, tukasikia Papa Asende anakoroma.

Prefe akamsikiliza kidogo.

"Mumuamushe polepole," akasema, "halafu mutafutie huyu mama kiti kwa mwaka wa tatu."

Miezi michache baada ya mimi kupata diploma, mapigano yalirudi na shule ikafungwa tena. Ningefuata haya yangu, ningebaki njiani. Badala yake nimefanya kazi Kilembwe, nimefanya Lulimba kwa wachimba dhahabu, na miguu yangu bado haijataka kutulia.

Basi, mwanangu, ukirudi shule beba kila karatasi ya zamani, na ile inayokuaibisha iweke juu. Miaka uliyosoma ni yako hata kama vita viliikata katikati. Omba wakuhesabie, na wakitaka kuona mikono yako inajua nini, waonyeshe. Mungu akulinde njiani, akupe mikono myepesi, na kila mgonjwa utakayemgusa apate usingizi kama ule wa Papa Asende.