Vidonge Visivyo na Tarehe

Muuza dawa mmoja, aliyeitwa Dada Mkasi, hakuuza kidonge ambacho tarehe yake ya kuharibika haikuonekana. Vipande vya pakiti za vidonge vilivyokatwa vibaya, tarehe ikaondoka na mnunuzi wa kwanza, alivitupia kwenye droo ya kaunta vingoje kuchomwa.

Adhuhuri moja alikuwa akiipanga droo hiyo, akaingia jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Mkewe alikuwa kitandani na homa ya mapafu, na bei ya dozi nzima ilikuwa imemshinda.

"Nipunguzie hivyo vya droo, dada yangu."

"Hivi ni vya kuchomwa, shemeji. Sijui viliharibika lini."

"Basi vichome tumboni mwa mke wangu. Homa haijui kusoma tarehe."

"Mimi najua. Mpeleke hospitali leo hii."

"Hospitali ya baba yako?"

Fundi aliruka kaunta, akamkaba koo, akambamiza kichwa kwenye kabati mpaka vioo vikamwagika. Mkono wa kulia wa dada ulikuwa bado umeng'ang'ania ndani ya droo. Fundi akaipiga droo teke, ikamfungia vidole. Akaipiga tena na tena, mifupa ikaalika kama kuni kavu. Kisha akavichota vidonge vyenye damu, akaenda zake.

Umaskini ni shida, si ruhusa ya kumvunja mwenzako.

Mgonjwa alivimeza siku tatu, na havikumsaidia kitu. Alizikwa siku ya tano, mumewe akiwa rumande. Muuza dawa alikatwa vidole vitatu hospitalini.